Christopher Okigbo (1932–1967): Mrithi wa Idoto na Mabadiliko ya Utamaduni wa Waigbo

Utangulizi

Mjadala kuhusu mila na mabadiliko katika fasihi ya Kiafrika aghalabu huweka mambo mawili yakitazamana: upande mmoja jadi, upande wa pili usasa, na katikati yake mhusika anayelazimika kuchagua. Mtazamo huu ulipata nguvu kutokana na riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kwa jina la Hamkani si Shwari Tena, ambamo jamii ya Waigbo inagongana na dini na utawala wa kigeni. Maisha ya mshairi Christopher Okigbo, Mwigbo mwenzake Achebe na rafiki yake, yanaonyesha kuwa mgawanyo huo hautoshi. Kwa Okigbo mila haikuwa kitu cha kupokea au kukataa. Ilikuwa dai lililokuwapo kabla hajazaliwa, naye aliishi akitafuta namna ya kulijibu.

Kuzaliwa na Malezi

Christopher Ifekandu Okigbo alizaliwa tarehe 16 Agosti, 1932, katika kijiji cha Ojoto, karibu na mji wa Onitsha, mashariki mwa Nijeria. Baba yake alikuwa mwalimu katika shule za misheni ya Kikatoliki, na kwa hiyo mtoto alikulia katika mazingira ya kanisa na darasa. Upande wa mama ulikuwa na urithi mwingine. Babu mzaa mama alikuwa kuhani wa Idoto, mungu wa kike wa mto wa Ojoto. Waigbo huamini kuwa marehemu huweza kurudi duniani katika ukoo wake, imani ambayo huitwa ilo uwa. Mtoto huyu alipozaliwa, ukoo ulimhesabu kuwa ni babu aliyerejea. Ukuhani, basi, ulikuwa wake tangu siku ya kwanza, na mtu mwingine aliyezishika kazi za madhabahu alikuwa kama kaimu tu wa mwenye nafasi.

Hapana budi jambo hili lizingatiwe. Mtoto mmoja alibatizwa jina lenye maana ya mbeba Kristo, na wakati huohuo akahesabiwa kuwa kuhani wa Idoto. Utambulisho mmoja haukuufuta mwingine.

Elimu na Kazi

Okigbo alisoma katika shule ya serikali ya Umuahia, ambako Achebe alimtangulia. Mwaka 1950 alijiunga na Chuo Kikuu cha Ibadan kusomea udaktari, kisha akahamia masomo ya Kiyunani na Kilatini, na kuhitimu mwaka 1956. Baada ya hapo alifanya kazi mbalimbali: alikuwa katika makampuni ya biashara, alifundisha Kilatini huko Fiditi, alikuwa mkutubi msaidizi katika Chuo Kikuu cha Nijeria, Nsukka, na hatimaye akawa mwakilishi wa Cambridge University Press katika Afrika Magharibi. Mwaka 1963 alimwoa Judith Safinatu Attah, binti wa mtawala wa Waigbira, watu wasio Waigbo. Kwa ndoa, kwa kazi na kwa marafiki, alikuwa mtu wa Nijeria nzima.

Mjini Ibadan alishiriki katika klabu ya Mbari, iliyoanzishwa mwaka 1961 na kuwakusanya waandishi na wasanii wa kizazi chake, akiwamo Wole Soyinka. Alikuwa pia mhariri wa Afrika Magharibi wa jarida la Transition, lililochapishwa Kampala. Mwezi Juni, 1962, alihudhuria mkutano wa Makerere wa waandishi wa Kiafrika waliotumia Kiingereza. Mwezi huohuo Shaaban Robert alifariki dunia, na kazi zake, kwa kuwa ziliandikwa kwa Kiswahili, hazikuingia katika mipaka ya mkutano ule. Mwaka uliofuata Obi Wali aliandika katika Transition kwamba fasihi iliyojifunga katika lugha za Ulaya ilikuwa imefika mwisho wa njia. Shutuma hiyo ilimhusu Okigbo moja kwa moja.

Ushairi Kama Ukuhani

Diwani ya Heavensgate ilichapishwa na Mbari mwaka 1962. Msemaji wake anafika mbele ya Idoto akiwa mtupu, kama mwana mpotevu anayerudi kwa mama. Taswira ya mwana mpotevu ni ya Injili, lakini inatumiwa kandokando ya mto wa Ojoto. Katika ushairi wake chatu na kobe, viumbe wa ibada ya Idoto, wanakaa pamoja na mwangwi wa misa ya Kikatoliki na athari za Virgil, Pound na Eliot. Katika Limits (1964) anasimulia jinsi wageni walivyoivunja madhabahu na kuiua miungu yake. Hata hivyo, miungu hiyo haibaki katika kifo.

Hapa ndipo jibu lake kwa dai la ukoo linapoonekana. Okigbo hakurudi kijijini kushika kazi ya madhabahu. Aliufanya utunzi wenyewe kuwa tambiko. Mabadiliko yalimnyima ukuhani wa babu kwa sura yake ya zamani, lakini yalimpa kalamu, na kwa kalamu hiyo kazi ikaendelea kwa njia nyingine.

Jibu hilo lilikuwa na upungufu wake. Lugha yake ya awali ilikuwa ngumu hata kwa wasomi, na watu wa Ojoto ambao Idoto alikuwa wao hawangeweza kuifuata. Chinweizu na wenzake wawili, katika kitabu chao cha mwaka 1980, waliushutumu ushairi huo kwa kuiga Ulaya, lakini wakazisifu tungo zake za mwisho.

Sifa hiyo ilikuwa na msingi. Tayari mashairi yake ya maombolezo yalikuwa yamechochewa na kifo cha Patrice Lumumba, na migogoro ya Nijeria Magharibi, na kufungwa kwa Obafemi Awolowo. Katika Path of Thunder, tungo za 1965 na 1966, maghani ya sifa, ngoma na methali vinachukua nafasi ya mafumbo ya vitabuni. Msemaji anajitaja kwa jina lake mwenyewe kama mpiga mbiu wa kijiji mwenye kengele ya chuma, anayeonya juu ya vita vinavyokuja.

Tuzo na Vita

Mwaka 1966, katika tamasha la sanaa za watu weusi lililofanyika Dakar, Okigbo alitunukiwa tuzo ya ushairi akaikataa, kwa kuwa hakukubali ushairi upimwe kwa rangi ya mtunzi. Mwaka huohuo maelfu ya Waigbo waliuawa kaskazini mwa Nijeria. Jamhuri ya Biafra ilitangazwa tarehe 30 Mei, 1967. Okigbo, ambaye alikuwa ameanza na Achebe shirika la uchapishaji mjini Enugu, alijiunga na jeshi la Biafra, akapata cheo cha meja, na akauawa vitani karibu na Nsukka mwaka huohuo wa 1967. Diwani yake kuu, Labyrinths, ilitoka mwaka 1971.

Mwaka huo wa 1971 Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alichapisha riwaya inayomshtaki Okigbo katika mahakama ya ahera kwa kosa la kutanguliza kabila mbele ya sanaa. Swali hilo lilikuwa na uzito Afrika Mashariki, kwani Tanzania ilikuwa imeitambua Biafra mwezi Aprili, 1968.

Hitimisho

Mashtaka ya Mazrui yanachukulia kuwa msanii na jamii yake ni watu wawili wanaoweza kutenganishwa. Kwa mtu aliyezaliwa akiwa tayari mrithi wa madhabahu ya ukoo, utengano huo haukuwapo. Aliyeikataa tuzo ya Dakar na aliyeshika bunduki Nsukka ni mtu mmoja: hakukubali rangi impangie ushairi, wala hakukubali ushairi umwondolee wajibu kwa watu wake walipouawa.

Hata hivyo, utetezi huo haufuti hasara. Mpiga mbiu akifa, kijiji hupungukiwa na sauti, na askari mwingine angeweza kupatikana kwa urahisi kuliko mshairi mwingine wa namna hiyo. Miongoni mwa karatasi alizoziacha, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2007, yamo mashairi aliyoyatunga kwa Kiigbo. Mashairi hayo yanaonyesha kuwa safari ya kumrudia Idoto ilikuwa imeanza kufika kwenye lugha yenyewe. Vita viliikata hapo, na swali la Obi Wali likabaki bila jibu ambalo pengine Okigbo angelitoa.