Walter Rodney: profesa aliyeandikwa hana kazi

Wadau, kama umepitia historia ya kidato cha tano na sita, jina la Walter Rodney sio geni kwako. Wengi wetu tunajua mambo mawili tu kuhusu huyu bwana: aliandika kitabu cha How Europe Underdeveloped Africa, na aliuawa kwa bomu. Katikati ya hayo mawili kuna maisha ya mtu aliyeshinda kwenye makaratasi usiku na mchana, na makaratasi yenyewe yana kisa chake.

Alizaliwa Georgetown, Guyana, tarehe 23 Machi 1942, wakati nchi hiyo bado koloni la Mwingereza. Baba alikuwa fundi cherehani, mama naye mshonaji. Nyumbani siasa ilikuwa kama chakula, mpaka dogo alikuwa anatumwa kusambaza vipeperushi vya chama cha Cheddi Jagan, chama kilichokuwa kinawasumbua wakoloni. Shule alikuwa kichwa kweli kweli. Akapata nafasi Queen's College, shule ya vipanga pale Georgetown, kisha mwaka 1960 akapata ufadhili kwenda Chuo Kikuu cha West Indies, Jamaika. Akamaliza 1963 na digrii ya daraja la kwanza.

Kutoka hapo ni London, kusomea udaktari wa falsafa kwenye chuo cha SOAS. Hapa ndipo ninapompendea zaidi kuliko hata kile kitabu maarufu. Utafiti wake ulihusu pwani ya Guinea ya Juu, yaani maeneo ya Guinea-Bissau, Guinea na Sierra Leone za leo, kati ya 1545 na 1800. Nyaraka za huko zimeandikwa zaidi na Wareno na Wahispania. Basi jamaa akajifunza lugha zao, akaenda kukaa kwenye hifadhi za nyaraka Lisbon, Seville na Roma, akisoma karatasi za wafanyabiashara na mapadri wa miaka 400 iliyopita. Alichokuwa anatafuta ni kitu kimoja. Wazungu wengi walikuwa wanajitetea kwamba utumwa waliukuta Afrika, wao walinunua tu. Rodney akapekua zile karatasi zao wenyewe za mwanzo, akaona kwa pwani ile utetezi huo hausimami. Kwa maelezo yake, sehemu kubwa ya utumwa wa ndani ilikua pamoja na biashara ya meli, haikuwepo hivyo kabla. Mwaka 1966 akawa daktari wa falsafa, umri miaka 24. Umesoma vizuri, 24.

Mwaka huo huo akaja Dar es Salaam kufundisha Mlimani. Hakukaa sana, Januari 1968 akarudi Jamaika kufundisha kwenye chuo chake cha zamani. Kule akafanya jambo ambalo wahadhiri wa wakati ule hawakulizoea. Akitoka darasani anakwenda uswahilini kwa Marasta na vijana wasio na ajira, anakaa nao chini, anawasimulia historia ya Afrika. Serikali ya Hugh Shearer ikaona huyu hatari. Oktoba 1968 alikwenda Montreal, Kanada, kwenye mkutano wa waandishi weusi. Alipokuwa anarudi, tarehe 15, akazuiwa kuingia Jamaika na kurudishwa alikotoka. Kesho yake wanafunzi wakaandamana, mji wa Kingston ukawaka moto, watu wakafa, mabasi yakachomwa. Hotuba zake za kipindi hicho zilitoka 1969 kama kitabu, The Groundings with My Brothers, kilichochapwa London na Bogle-L'Ouverture.

Ndipo mwaka 1969 akarudi Dar, na safari hii akakaa mpaka 1974. Mlimani ya wakati ule ilikuwa moto. Azimio la Arusha lilikuwa bado bichi, wanafunzi walikuwa na chama chao cha USARF kilichoanzishwa enzi ya Yoweri Museveni, wana jarida lao la Cheche. Issa Shivji alikuwa mmoja wa vijana wa pale. Mwaka 1970 Rodney alikwenda hadi Makerere kubishana hadharani na Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, na mdahalo ule unazungumziwa mpaka leo.

Lakini msidhani hapa kwetu alibebwa kama yai. Desemba 1969 alitoa mada kwenye semina ya vijana hapa Dar, akazungumzia mapinduzi ya kutumia nguvu na serikali za Afrika zilizopata uhuru wa bendera. Gazeti la TANU, The Nationalist, likamrarua kwa tahariri kali, na wengi waliamini mkono ulioiandika ni wa Mwalimu mwenyewe. Rodney akajibu kwa barua, ikachapwa. Akaendelea kufundisha. Mwaka uliofuata USARF ikapigwa marufuku, yeye akaendelea kufundisha. Mtu anaweza kusema mengi kuhusu enzi hizo, na mimi ninayo ya kwangu, ila profesa aliyegombana na ikulu hakunyang'anywa chaki. Hilo lishikeni maana tunaelekea Guyana.

Kabla ya hapo, kitabu. How Europe Underdeveloped Africa kilitoka 1972, Bogle-L'Ouverture wakishirikiana na Tanzania Publishing House, shirika la uchapaji lililokuwa chini ya Walter Bgoya. Maneno ya mwisho wa kitabu aliandika Abdulrahman Babu wa Zanzibar. Rodney alikuwa na miaka 30. Wasomi wengine walilalamika kwamba hakina tanbihi za kitaalamu. Ni kweli, ila hakusahau: badala yake aliweka mwongozo mfupi wa vitabu vya kusoma kila mwisho wa sura, kwa sababu alikuwa anamwandikia msomaji wa kawaida wa Afrika na sio maprofesa wenzake. Ukijua alivyochimba Lisbon na Seville, huwezi kusema jamaa alikuwa hajui kuweka tanbihi.

Mwaka 1974 akaamua kurudi nyumbani. Chuo Kikuu cha Guyana kilishamteua kuwa profesa wa historia. Mkuu wa nchi alikuwa Waziri Mkuu Forbes Burnham, mtu aliyekuwa anajiita mjamaa na mpenda Afrika. Uteuzi ukafutwa kwa shinikizo la serikali. Yaani mtu ana udaktari wa London, ana vitabu, ana miaka ya kufundisha Dar na Jamaika, anaambiwa nchini kwake hakuna kazi.

Angeweza kuondoka, vyuo vya nje vilikuwa vinamtaka. Akabaki. Alikuwa anakwenda kufundisha kwa muda mfupi Marekani na Ujerumani, kisha anarudi Georgetown kwa mke na watoto watatu. Akajiunga na Working People's Alliance, chama kilichotaka Waguyana wenye asili ya Afrika na wale wenye asili ya India wasimame pamoja, wakati siasa za huko zilikuwa zinapandia kwenye ule ugomvi wa rangi. Mchana mikutano, usiku nyaraka. Bila mshahara wa chuo akaandika historia ya wafanyakazi wa Guyana kati ya 1881 na 1905. Akaanza na vitabu vya watoto pia, kimoja cha mtoto aliyetoka Afrika, kingine cha mtoto aliyetoka India.

Julai 1979 jengo la serikali lililokuwa na ofisi za chama tawala liliteketea. Rodney na wenzake wakakamatwa na kushtakiwa kuchoma. Kesi ikiwa bado inaendelea, jioni ya 13 Juni 1980, alikuwa kwenye gari na mdogo wake Donald, karibu na gereza la Georgetown. Walikuwa wamepewa redio ya upepo waijaribu, na aliyewapa ni Gregory Smith, fundi wa elektroniki aliyekuwa jeshini. Ndani yake kulikuwa na bomu. Walter alikufa pale pale, miaka 38. Donald aliumia ila akapona, na juu yake akapewa kesi na kutiwa hatiani kwa kukutwa na mlipuko huo. Smith alitoroshewa Guiana ya Ufaransa, akafia huko 2002 bila kufikishwa mahakamani.

Kwenye cheti cha kifo wakaandika ajali ya bahati mbaya. Sehemu ya kazi wakaandika hana ajira. Ona ukatili wa karani: kwanza unamnyima mtu kazi, halafu unaandika hakuwa nayo.

Tume ya uchunguzi iliundwa 2014, ripoti ikatoka 2016, ikasema kifo kilipangwa na vyombo vya dola na Burnham asingeweza kuwa hajui. Mwaka 2021 hatia ya Donald ikafutwa, baada ya miaka 40 hivi, na serikali ikatangaza cheti kirekebishwe: kilichomuua ni mauaji, kazi yake profesa.

Tuje kwenye makaratasi. Familia iliondoka Guyana, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mjane wake Patricia na watoto wakayakabidhi kwa maktaba ya Robert W. Woodruff ya Atlanta University Center, Marekani. Kuna barua, hotuba, miswada, picha na notsi za darasani. Atlanta sio ajabu, Rodney alifanya kazi na taasisi ya Wamarekani weusi pale 1974. Ila roho inauma kidogo, kwa sababu ndani ya yale maboksi kuna mihadhara aliyowaandalia wanafunzi wa Mlimani mwaka 1970 na 1971 kuhusu mapinduzi ya Urusi. Kitabu hakukimaliza. Wahariri wakazikusanya zile notsi, na mwaka 2018 zikatoka zikiwa kitabu kamili, The Russian Revolution: A View from the Third World. Mwaka 2022 kikafuata kingine cha makala zake, Decolonial Marxism. Na ile historia ya wafanyakazi wa Guyana, aliyoiandika bila mshahara, ilitoka 1981 akiwa kaburini, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya chama cha wanahistoria wa Marekani.