Mary Anning: Hasla wa Mifupa Aliyefunza Maprofesa
Unadhani hasla ilianzia mtaani kwenu? Mcheki Mary Anning, mzaliwa wa 1799, Lyme Regis, mji wa pwani Uingereza. Buda yake, fundi wa mbao, alidedi 1810 akaacha madeni. Mary, shule kidogo tu, akawa anaokota makombe yaliyogeuka mawe na kuuzia watalii apate ya unga.

1811 broo yake Joseph aliona fuvu la ajabu. Mwaka uliofuata Mary akafukua mwili: iktiosau, jitu la baharini la enzi za dainosau. 1823 akatoa plesiosau mzima, shingo ndefu noma! Kazi ilikuwa roho mkononi: 1833 jabali liliporomoka likaua mbwa wake, yeye akaponea chupuchupu.

Duka lake likawa kama darasa, watalii na maprofesa wote wanakuja kuuliza. Lakini wasomi walichapisha kazi yake bila kumtaja, na chama cha wanajiolojia London kilifungia wanawake uanachama hadi 1919.

Aliaga 1847 na kansa, miaka 47 tu, bila kuonja hiyo heshima. Leo majitu yake yako Natural History Museum, London. Watoi wa shule wakienda kuyacheki, wanaambiwa ni nani aliyeyafukua.