Maathai: Binti wa Nyeri aliyeanzia kwenye hadubini

MAREHEMU Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Aprili 1, 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, hukumbukwa zaidi kwa miti kuliko hadubini. Hata hivyo, maabara ndiyo iliyomlea.

Baada ya masomo Mathari, Limuru na Marekani, alirejea 1966 akiwa ameahidiwa kazi ya zoolojia katika chuo kikuu jijini Nairobi, akakuta imepewa mwingine. Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani, akamwajiri katika anatomia ya mifugo. Kazi yake ilikuwa kuandaa vipande vyembamba vya tishu ili seli zionekane, ufundi ambao pia ni msingi wa kutumia kingamwili kutambua protini ndani ya mimea. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu.

Alipokuwa akichunguza kupe waenezao ndigana kali, aliona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa udongo. Akang'amua kuwa tishio kubwa kwa mifugo lilikuwa ardhi iliyovuliwa miti. Mwaka 1977 alianzisha Vuguvugu la Green Belt, na 2004 akatuzwa Nobel ya Amani. Alifariki Septemba 25, 2011.