Abebe Bikila: Askari aliyenolewa Addis Ababa kabla ya kuushangaza ulimwengu

JINA la Abebe Bikila likitajwa, wengi hukumbuka nyayo tupu katika barabara za Rome. Hadithi inayopendwa ni ile ya mchungaji asiyejulikana aliyeteremka kutoka milimani na kuwapiku mabingwa wa dunia kwa usiku mmoja. Hadithi hiyo ni tamu, lakini inairuka miaka minane ambayo mtimkaji huyo aliishi na kutokwa jasho jijini Addis Ababa.

Abebe alizaliwa Agosti 7, 1932, katika kijiji cha Jato, eneo la Shewa. Alikuwa na umri wa miaka mitatu majeshi ya Mussolini yalipoivamia nchi yake mwaka wa 1935. Alilelewa mashambani, na mnamo 1952 hivi akahamia jiji kuu, ambako alijiunga na Kikosi cha Walinzi wa Mfalme Haile Selassie akiwa askari wa cheo cha chini kabisa.

Kilichompeleka huko ni riziki wala si riadha. Hata hivyo, kambi ya jeshi ilimpa kijana huyo mambo ambayo kijiji kisingeweza kumpa: mshahara, chakula cha uhakika na ratiba isiyotegemea mvua wala mifugo. Fauka ya hayo, Addis Ababa imejengwa zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mapafu hulazimika kufanya kazi maradufu. Vijana wetu wanaofunga virago leo na kuhamia Iten hufuata hewa ya aina hiyo hiyo. Abebe alikuwa akitimka kila siku kati ya vilima vya Sululta na jiji, umbali wa takriban kilomita 20, kisha akarejea alikotoka.

Aliyekitambua kipaji chake ni Onni Niskanen, Mswidi aliyefika Ethiopia mwaka wa 1946 na kuwa mkufunzi wa wanajeshi. Niskanen alikuwa mtu wa saa na vipimo. Chini ya uangalizi wake, mbio ndefu za barabarani zilichanganywa na zile fupi za kasi, na muda wa kila mwanariadha ukanakiliwa.

Matunda yalionekana mapema kuliko wengi wanavyodhani. Julai 1960 Abebe alishinda marathoni yake ya kwanza jijini humo. Mwezi mmoja baadaye alishinda tena, safari hii kwa saa 2, dakika 21 na sekunde 23, muda bora kuliko rekodi ya Olimpiki iliyowekwa na Emil Zátopek mwaka wa 1952. Laiti waandishi wa michezo wa Ulaya wangalizisoma takwimu hizo, wasingaliduwaa mwezi uliofuata.

Rome, Septemba 10, 1960. Viatu alivyopewa vilimbana, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu, hivyo akaviacha. Mbio zilianza jioni na kumalizika usiku, askari wakimulika njia kwa mienge. Karibu na mnara wa Axum, ambao Waitaliano waliupora Ethiopia, Abebe alimwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco na kukata utepe kwa saa 2:15:16.2, rekodi mpya ya dunia. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuishindia nchi ya Afrika dhahabu ya Olimpiki.

Jiji lililomlea lilimpokea kwa shangwe, lakini furaha haikudumu. Desemba mwaka uo huo, kamanda wa kikosi chake, Mengistu Neway, aliongoza jaribio la kumpindua Mfalme. Risasi zilirindima Addis Ababa. Abebe, ambaye hakushiriki, alikamatwa na kuhojiwa kwa muda mfupi kabla ya kuachiliwa. Mengistu alinyongwa.

Mwaka wa 1964 alitua Tokyo wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidoletumbo, akashinda kwa saa 2:12:11.2 akiwa amevaa viatu. Hakuna aliyekuwa amewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Kule Mexico mwaka wa 1968 jeraha lilimtoa njiani, na askari mwenzake katika kikosi, Mamo Wolde, akatwaa dhahabu. Wolde huyo ndiye aliyeshindwa na Mkenya Naftali Temu katika mita 10,000 siku chache awali.

Machi 1969 gari la Abebe lilipinduka, akapooza miguu. Alitibiwa katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, na baadaye akashiriki mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki Oktoba 25, 1973, akiwa na umri wa miaka 41. Maelfu ya wakazi wa Addis Ababa walijitokeza kumzika, Mfalme akiwa miongoni mwao, na uwanja mmoja wa jiji hilo umepewa jina lake.