Mama wa Karen na Deni Lililokula Shamba

Wiki mbili zilizopita, katika ibada ya pili, nilisimama dakika mbili tu nikasema kwamba mimi na mke wangu tumemaliza kulipa mkopo wa nyumba, ile tunaita mogeji, miaka sita na nusu kabla ya wakati. Tangu siku hiyo simu haijanyamaza. Dada mmoja wa kwaya alinivuta kando pale kwenye ngazi akaniuliza kwa sauti ya chini kama pesa imeshalipwa kweli, ama ulikuwa ushuhuda wa imani. Imelipwa, dada. Hati iko kwa kabati.

Mchungaji wetu akaniambia niandike ukurasa huu nieleze. Nimeketi mara tatu kuandika habari zangu na mara tatu zimenishinda, kwa sababu habari ya mtu kubeba githeri kwa kikontena haijazi ukurasa. Kwa hiyo nitawaandikia habari za mama mmoja ambaye jina lake mnalitaja kila siku mkipanda mathree ya namba 24, na zangu nitazipenyeza katikati. Yeye ndiye alinifundisha hesabu ambayo chuo kikuu, pamoja na digrii yangu ya biashara, hakikunifundisha.

Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 huko Rungsted, pwani ya Denmark, kaskazini mwa Copenhagen. Jina lake Karen Dinesen. Kwao walikuwa na uwezo, lakini nyumba yenyewe ilikuwa na jeraha: babake alijiua mwaka 1895, binti akiwa hajafika miaka kumi. Alipokua akachumbiwa na binamu yake Mswidi, Bror Blixen, mtu wa jamii ya kikabaila mwenye cheo kirefu na mfuko mfupi. Walifunga ndoa Mombasa Januari 1914, karibu siku ileile meli ilipomshusha, kisha wakapanda treni kuja Nairobi.

Sasa hapa wafanyabiashara wa kanisa wasikilize vizuri. Pesa ya kununua shamba haikuwa yao. Ilitoka kwa mamake na mjombake, Aage Westenholz, na mpango waliokubaliana nyumbani ulikuwa ng'ombe wa maziwa. Bror alitangulia kufika, akasikia watu mjini wanasema kahawa ndiyo dhahabu, akabadilisha mpango. Ilipofika 1916 ikawa kampuni yenye wenye hisa, Karen Coffee Company, mjomba akiwa mwenyekiti. Mama huyu aliishi katika nyumba nzuri chini ya Ngong Hills, ile ya mawe ambayo Mswidi mwingine aliijenga mwaka 1912, lakini ukisoma vitabu vya hesabu yeye alikuwa mpangaji wa jamaa zake.

Shamba lilikuwa zaidi ya ekari 4,000, na kahawa ilipandwa kwenye kama 600. Kahawa ni mti wa subira. Ukipanda leo unangoja miaka minne mitano kabla ya kuchuma kitu cha maana, na muda huo wote unalipa wafanyakazi, unapalilia, unalisha ng'ombe dume wa kuvuta mikokoteni, na riba inaendelea kuhesabu ukiwa umelala. Halafu mahali penyewe palikuwa juu mno. Karen iko zaidi ya futi 6,000 kutoka usawa wa bahari, upepo wa Ngong ni baridi, na mvua pale hukatika kahawa ikiwa inaihitaji zaidi. Wakulima wa Thika na Kiambu wa chini walikuwa wanavuna huku yeye anaangalia maua yakikauka. Kwa hivyo shamba lile lilikuwa na shida tangu siku ya kwanza, na hakuna bidii ya binadamu ingelishusha kutoka kwa ule mwinuko.

Wacha niseme neno moja ambalo sitaki kuruka. Hiyo ardhi haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wakikuyu na Wamaasai kabla serikali ya mkoloni kuigawa, na Wakikuyu waliobaki pale waliitwa maskwota kwenye udongo wa babu zao. Sheria ilitaka wafanye kazi siku 180 kwa mwaka ndio waruhusiwe kukaa. Na Mwafrika wakati huo hakuruhusiwa kulima kahawa yake mwenyewe. Nikisema mama huyu alipoteza shamba, nakumbuka pia wale walioishi hapo walikuwa wamelipoteza mbele yake.

Bror hakuwa mtu wa hesabu. Alipenda safari za kuwinda, alipenda wanawake, na ugonjwa alioleta nyumbani ulimtesa mkewe mpaka kufa. Mwaka 1921 wenye hisa walichoka wakamwondoa kwenye usimamizi wakamweka Karen, na 1925 ndoa ikavunjwa rasmi. Kaka yake Thomas alikuja akamsaidia miaka kadhaa, naye akaona. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kikaungua. Akakijenga tena. Kila mwaka barua zilikwenda Denmark kuomba pesa zaidi, na kila mwaka sababu ilikuwa ileile: msimu ujao mvua itanyesha.

Mpendwa msomaji, mimi nimeandika barua kama hizo. Sikuziandikia Denmark, niliziandikia nafsi yangu. Tulichukua mkopo nikiwa na miaka 29, nyumba ya vyumba viwili pande za Uthiru. Shilingi milioni 4.2, riba asilimia 13, miaka kumi na mitano. Malipo ya mwezi yalikuwa kama 53,100. Mwezi wa kwanza nikalipa nikiwa najisikia mwanaume, nikaomba karatasi ya hesabu. Kati ya hizo elfu 53, riba ilikuwa 45,500. Deni lenyewe nilikuwa nimelipunguza kwa elfu saba na kitu. Nilikaa kwa gari nikaiangalia hiyo karatasi mpaka kanjo akagonga dirisha kuuliza nimelipia parking. Nilifanya hesabu nikaona nitalipia nyumba ya milioni nne kwa karibu milioni tisa na nusu. Na nina digrii!

Kwa miaka ya mwanzo nilifanya kama yeye, nikangoja msimu ujao. Nikipandishwa mshahara nitaanza. Toto likimaliza chekechea nitaanza. Tukaketi jioni moja mke wangu akaniuliza kwa mwezi tunakula shilingi ngapi nje, nami sikujua. Yeye alijua, alikuwa ameandika. Kahawa peke yake, zile za kwenye mkahawa pale mjini nikikutana na washirika, ilikuwa zaidi ya elfu nne kwa mwezi. Ndio hapo nilimkumbuka mama wa Karen kwa mara ya kwanza: yeye alikuza kahawa ikamfilisi, na mimi nakunywa inanifilisi.

Turudi kwake, maana miaka yake ya mwisho ndiyo inayoniuma. Haikuwa kwamba alikuwa mvivu. Alilima, aliuguza wagonjwa kila asubuhi, alisomesha watoto wa shamba. Pesa za nyumbani alimkabidhi Farah Aden, Msomali aliyemsimamia kila kitu. Lakini chini ya usimamizi huo mzuri wa senti palikuwa na meza yenye bilauri za kioo kutoka Ulaya na karamu za wageni wakubwa. Mwaka 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza alikula chakula cha jioni pale, na mpishi wake Kamante akasifiwa sana. Mimi simhukumu. Nilipouza gari nililia kidogo. Watu wa tabaka fulani huona aibu kupunguza kuliko kukopa, na sisi wachungaji vijana wa Nairobi ni tabaka hilo hilo, tusidanganyane.

Nzige wakaja. Mwaka 1929 uchumi wa dunia ukaanguka na bei ya kahawa ikaporomoka nao. Wenye hisa wakasema basi. Shamba likauzwa 1931 kwa mfanyabiashara wa Nairobi aitwaye Remy Martin, ambaye hakutaka kahawa hata kidogo. Aliangalia ule mwinuko uliokuwa umeua mimea akaona hewa safi ya kujenga majumba, akalikata vipande akaanza kuuza ploti. Mahali hapo panaitwa Karen mpaka leo. Wako wanaosema jina lilitokana na binti wa mjomba na si yeye, lakini bei ya ploti haibadiliki kwa ajili ya ubishi huo. Mtu mmoja na mwingine, ardhi ileile, hesabu tofauti: mmoja alikuwa amefungwa na deni hakuweza kungoja, mwingine hakuwa amefungwa.

Mwezi wa Mei mwaka huohuo, rafiki aliyempenda, Denys Finch Hatton, akafa ndege yake ilipoanguka Voi. Akamzika Ngong. Na katika miezi hiyo, huku anauza viti na vyombo vyake kimoja kimoja, alifanya jambo ambalo mimi namheshimu nalo. Wale maskwota walikuwa wanafukuzwa, na sheria ingewatawanya. Wao wakamwambia wanataka kubaki pamoja. Basi akaanza kuzunguka maofisi ya serikali hapa mjini, mlango hadi mlango, mtu ambaye hana tena shamba wala pesa wala mume, mpaka wakakubaliwa kuhamia pamoja na mifugo yao kwenye kipande cha msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Soma ile habari ya mjane katika 2 Wafalme 4, ambaye mdai alikuja kuwachukua wanawe wawili. Deni halimchukui aliyekopa peke yake. Linachukua na waliosimama karibu naye.

Aliondoka Kenya 1931 akiwa na miaka 46. Hakurudi tena.

Kule Rungsted aliingia chumba cha nyumbani kwa mamake kama binti asiyeolewa. Akaanza kuandika, tena kwa Kiingereza. Kitabu cha kwanza kikatoka 1934 Marekani chini ya jina la kiume, Isak, kikauzwa sana. Kile cha habari za shamba kikafuata 1937. Mimi kama mtu wa biashara naona hivi: kitu ambacho shamba lilishindwa kumlipa kwa miaka kumi na saba, habari za shamba zilimlipa. Lakini alikuwa mgonjwa, akakonda mno, na alifariki tarehe 7 Septemba 1962.

Miaka minne kabla ya kufa kuna jambo moja ambalo wageni wa ile makumbusho yetu ya Karen hawaambiwi sana. Alitaka nyumba ya Rungsted na miti yake isiuzwe vipande kama ilivyouzwa Karen. Aliogopa hilo, na alikuwa na sababu. Mwaka 1958 akaiweka chini ya wakfu, akaenda kwenye redio ya Denmark akaomba kila msikilizaji ambaye angependa amtumie krone moja. Krone moja tu, kama vile useme bob moja. Hakuomba tajiri atoe nyingi. Watu wakatuma kwa maelfu na maelfu. Nyumba ile haikukatwa.

Nilipoisoma hiyo ndio nilielewa tulichokuwa tukifanya Uthiru. Tulipata elfu kumi na tano za ziada kila mwezi, na hazikutoka kwa muujiza. Gari tuliliuza nikapanda 22. Ikifika jioni nauli ikipanda, nangoja kanisani mpaka saa mbili. Githeri ya nyumbani. Jumamosi alfajiri Marikiti na mama watoto, viazi kwa debe, kitunguu kwa wavu, tunagawana na majirani wawili. Nguo Gikomba. Chai kwa thermos hata kwa mkutano wa wazee. Zaka hatukugusa, mniamini. Elfu kumi na tano hizo, zikianza mapema, zinashusha miaka kumi na mitano hadi minane na nusu, na kuokoa kama milioni mbili na laki sita. Pigeni hesabu wenyewe kwa simu, si lazima mniamini.

Ila msirudie kosa langu. Miezi saba ya kwanza nililipa ziada bila kuandika chochote. Benki ikaiweka pembeni kama malipo ya miezi ijayo, na riba ikaendelea kukimbia kwenye deni lote. Lazima uandike barua, upige muhuri wa kupokelewa, useme pesa hii ipunguze deni lenyewe, halafu mwezi unaofuata uombe karatasi uthibitishe. Uliza pia kama kuna ada ya kumaliza mapema, na uiulize kabla ya kusaini. Luka 14, yule wa kujenga mnara, anaketi kwanza.

Mwezi wa Agosti niliwapeleka vijana wa ushirika pale makumbusho. Mmoja akauliza kama mama huyu alikuwa ameokoka. Nikamwambia sijui, hiyo ni ya Mungu. Mwingine, anayesomea uhasibu, akasimama muda mrefu mbele ya ile mashine kuukuu ya kahawa iliyowekwa nje kwenye nyasi, akaniuliza kwa nini hakuuza mapema, 1923 kiwanda kilipoungua. Tukalibishania swali hilo ndani ya 24 mpaka tukafika tao, na hatujakubaliana.