Albert Howard, Mwanafunzi wa Wakulima

Mwalimu wa kilimo hana budi kujua jinsi ujuzi anaoufundisha ulivyopatikana. Kwa ajili hiyo twaeleza hapa maisha ya Albert Howard, ambaye jina lake limeambatana na habari za mboji.

Howard alizaliwa Uingereza mwaka 1873, akiwa mtoto wa mkulima. Baada ya kusoma sayansi Cambridge, alikwenda visiwa vya West Indies kuchunguza magonjwa ya miwa. Huko aliona kasoro kubwa: aliwashauri wakulima, lakini yeye mwenyewe hakuwa na shamba la kujaribia ushauri wake.

Mwaka 1905 alihamia Pusa, India, na safari hii alipata shamba. Aliona kwamba mazao ya wakulima wa jirani yalikuwa na afya bila dawa za kuua wadudu. Badala ya kuwafundisha, akajifunza kwao. Mkewe Gabrielle, mtaalamu wa mimea, alishirikiana naye hadi alipofariki mwaka 1930. Kuanzia mwaka 1924, huko Indore, desturi za wakulima wa Asia zilipimwa na kupangwa kuwa njia moja. Takataka za mimea, samadi, udongo na majivu huwekwa tabaka kwa tabaka, hunyunyiziwa maji, na hugeuzwa mara kwa mara ili hewa ipenye na vijidudu viozeshe. Baada ya miezi mitatu hivi mboji huwa tayari. Mwaka 1933 njia hiyo ilikwisha kuanza kutumika katika mashamba ya kahawa nchini Kenya. Howard alifariki mwaka 1947.

Tusimfuate kwa upofu. Alizipinga mno mbolea za chumvichumvi, ilhali mboji iliyotokana na udongo uliopungukiwa fosfati haiwezi kuujaza upungufu huo peke yake.

Hata hivyo, unyenyekevu wake unatuhusu sana sisi wa Morogoro. Miaka michache tu baada ya kifo chake, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko. Lakini mahali pengi udongo mzuri, ambao ni tabaka jembamba, ulifukiwa, na ule usio na rutuba ukawa juu. Wakulima waliyajua hayo, lakini hawakusikilizwa. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango ukaachwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchimba shimo la mboji shuleni, mwalimu na awapeleke wanafunzi kwa mzee wa kijiji, wamwulize ni majani gani huoza upesi na ni wapi maji hubeba udongo. Kisha wapande mchicha katika matuta mawili, moja lenye mboji na moja lisilo nayo, wapime mavuno, na wamrudishie mzee huyo habari ya waliyoyaona.