Shaaban Robert: Karani Aliyesema Kweli kwa Mafumbo



Ndugu zangu, katika kueleza maisha ya watangulizi wetu tumezoea kuwataja wanachuoni wakubwa. Safari hii niruhusuni nimlete karani. Hakuwa kadhi, wala hakusoma chuo kikuu kama sisi. Lakini kwa sisi wanafunzi wa Lilongwe tunaozungumza Kiswahili, na hasa sisi ambao nyumbani kwetu ni Dzaleka, naona kalamu ya marehemu Shaaban Robert inatufaa sana wakati huu.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Asili yake ilikuwa Kiyao, ingawa mwenyewe alijihesabu Mswahili. Nilipolisoma jambo hili nilitabasamu. Wayao ndio sehemu kubwa ya Waislamu wa Malawi. Ukipita Mangochi na Machinga utaikuta misikiti yao. Kumbe bingwa wa Kiswahili alikuwa na nasaba na wenyeji wetu hawa! Aliwahi kuifananisha lugha na titi la mama. Lakini nasaba yake inatuonyesha kuwa ziwa la lugha hii halikuwanyonyesha waliozaliwa pwani peke yao. Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wa Dzaleka wanalijua hilo.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya mpaka mwaka 1944. Baadaye akahamia idara ya wanyamapori, akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya mwaka 1946, na kuanzia 1952 hadi 1960 alikuwa katika idara ya upimaji ardhi. Zihesabu, ndugu yangu: zaidi ya miaka 30 ya kula mshahara wa serikali ya kikoloni. Mchana aliandika ya ofisini, ambako neno lina maana moja tu. Nje ya kazi hiyo aliandika mashairi, tenzi, insha na hadithi, ambamo neno moja hubeba mawili au matatu. Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Wale tuliopita madrasa tumesikia habari za balagha, elimu ya ufasaha wa maneno. Majina mengi tunayotumia kwenye somo la fasihi yametoka huko: tashbihi, yaani kufananisha kitu na kingine, mubalagha, yaani kutia chumvi, na kinaya, neno ambalo kwa Kiarabu ni kudokeza bila kutaja, nasi Waswahili tukaligeuza kuwa kusema kinyume cha unachokusudia. Shuleni tulizikariri kama orodha ya mtihani. Shaaban Robert alizitumia kwa sababu alikuwa na haja nazo.

Chukua msiba wake. Mkewe Amina alifariki akamwachia watoto. Katika shairi la kumlilia alimfananisha na ua lililochanua kisha likafunga. Ni tashbihi ya kawaida kabisa, mtu yeyote mwenye bustani angeweza kuiwaza. Lakini itazame vizuri. Ua halifungi kwa dhuluma, hufunga kwa kuwa saa yake imefika. Ndani ya mfano huo mna huzuni ya mume, na mna kuridhia kadari ya Allah pia. Dini yetu inatukataza kuomboleza kwa mayowe na kuchana nguo, wala haitukatazi machozi. Nadhani tashbihi ile ndiyo iliyomwezesha kulia bila kuvuka mpaka. Na katika tenzi zake mbili za wosia kwa wanawe, Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, mifano inafanya kazi ya mkono wa mzazi: inamwelekeza mtoto bila kumchapa.

Kisha kuna Kusadikika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1951. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Humo kijana aitwaye Karama anashtakiwa kwa sababu ameanza kufundisha elimu ya sheria. Mshtaki wake ni waziri Majivuno. Karama hajibu kwa matusi. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini. Walirudi na mambo mema ya kuifaa nchi, na malipo yao yakawa kifungo. Mwishoni anashinda, na wajumbe wanatoka gerezani.

Msomaji wa Tanganyika hakuhitaji kuambiwa nchi ile ni ipi. Huo ni mfano mrefu, istiari iliyotandazwa kitabu kizima. Karani wa serikali asingeweza kusimama barabarani akasema kwamba watawala wanawafunga wenye mawazo mema. Akaipandisha nchi angani, na kila mtu akaitambua akiwa ardhini. Hata majina ni hoja: Majivuno ni majivuno, Karama ni karama, kama vile Adili na Utubora katika vitabu vyake vingine. Fasihi hukuita huko majazi, jina kubeba tabia ya mwenye jina.

Sisi wa Dzaleka tunakisoma kitabu hiki kwa jicho letu. Kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994, mahali petu palikuwa gereza, na humo walifungwa wapinzani wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Wengi hulifasiri jina la Dzaleka kuwa ni ahadi ya mfungwa: sitarudia tena. Nami nikisoma habari za wajumbe sita huwafikiria watu waliolala kwenye ardhi ile kwa ajili ya maneno yao, kabla sisi hatujajenga nyumba zetu za matofali juu yake.

Kwa nini nayaleta haya sasa? Kwa sababu tamathali za semi haziko vitabuni tu. Mwaka 2023, agizo la kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini lilipoanza kutekelezwa, maneno mawili yalisikika sana: mzigo na mafuriko. Zote mbili ni istiari. Mzigo hauna mikono, hubebwa tu. Na mafuriko hayana majina wala watoto, huzuiwa kwa ukuta. Aliyekwisha kuyakubali maneno hayo ameshakata shauri kabla ya kukutazama usoni. Mwenye duka, fundi cherehani na mwalimu wa madrasa wanatoweka ndani ya neno moja.

Na sisi wenyewe tuna letu. Tunapoandika barua za kuomba ufadhili tunajijaza bahari za machozi na mashimo ya giza, kwa kudhani kwamba mubalagha ndiyo itakayomgusa msomaji. Shaaban Robert alikuwa na sababu za kutosha za kujililia: alifiwa, alihamishwa kituo hadi kituo, alidharauliwa kwa rangi yake. Lakini Karama wake hasimami mbele ya mfalme kuomba ahurumiwe. Anaonyesha watu waliofanya jambo. Hilo ndilo funzo ninaloliona katika maisha yake: mfano mzuri humwacha mtu na heshima yake, na ukiuchunguza unaukuta ukweli ndani. Mfano unaomfanya binadamu kuwa shehena ni uongo uliovaa nguo nzuri, hata kama aliyeusema ni mkimbizi mwenyewe.

Basi ukiandika, iwe insha ya darasani, hotuba ya jumuiya yetu au barua kwa ofisi, uulize mfano wako: unamwonyesha mtu, au unamfunika? Na ukisikia mwingine akitufananisha, usikimbilie kukasirika. Mpe mfano ulio bora zaidi. Ndivyo alivyofanya Karama, na ni adabu ya Kiislamu pia, kujadiliana kwa njia iliyo njema.

Shaaban Robert aliiona Tanganyika ikipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Hakuishi nao sana. Alifariki tarehe 20 Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa Machui. Watu humwita Shakespeare wa Afrika, na hiyo nayo ni tamathali. Mimi napenda zaidi kumkumbuka kama karani wa Kiislamu aliyejua kwamba kila neno huandikwa, na kwamba makarani wa kuume na kushoto hawana likizo.

Allah amrehemu, ailaze roho yake mahali pema, na atujaalie ndimi za kweli. Amin.